Barua kwa mwanangu: uache mchezo uwe wa mtoto

Mwanangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa wote walio nyumbani. Umeniuliza ufanye nini na mjukuu wangu, kwamba katimiza miaka 14, siku hizi anakwepa mazoezi ya mpira na anasema anataka kuacha. Nakujibu kwa kirefu kidogo, kwa kuwa wazazi wengi hulitibu jambo hili kwa kuongeza ukali, na ukali ndio humalizia hamu iliyobaki.

Ujue kwanza kwamba hayuko peke yake. Takwimu ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitoa mwaka 2019 zilionyesha kuwa katika kila vijana 100 wa miaka 11 hadi 17, 81 hawafikishi zile dakika 60 za kila siku za kuuchangamsha mwili. Kwa wasichana hali ni mbaya zaidi: 85 kati ya 100.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanasema hamu ya kweli hulishwa na mambo matatu: mtu ajiamulie, ajione anaweza, na awe na watu anaojihisi ni wenzake. Wewe kama mzazi unayagusa yote matatu kila wiki, hata usipokusudia. Ukimchagulia mchezo, umegusa la kwanza. Ukimlinganisha na mtoto wa jirani, umegusa la pili. Ukigombana na kocha mbele ya timu, umeliharibu la tatu.

Tena usimwahidi pesa kwa kila bao. Mwaka 1971 Deci aliwapa wanafunzi wa chuo fumbo la vipande vya kupanga, baadhi akawalipa. Malipo yaliposimama, wale waliolipwa walipunguza hamu ya kulichezea wakati wa mapumziko. Zawadi ya kushtukiza, asiyoitarajia, haina ubaya huo. Ubaya uko kwenye mkataba.

Saa moja baada ya mechi ndiyo saa ya hatari. Mwili umechoka, moyo bado una joto, nawe umejaa maoni. Mpe maji na chakula. Kama lazima useme neno, mwambie umefurahi kumtazama akicheza, uishie hapo. Uchambuzi usubiri mpaka aulize mwenyewe, au kesho yake. Hapo muulize, "Kipi kilikufurahisha?" kisha, "Wiki hii unataka kunoa nini?" Swali la "mmeshinda?" lisitangulie, maana litamfundisha kwamba bila ushindi hakuna cha kusimulia.

Ukimsifu, sifia kitu alichofanya na anachoweza kukirudia: "Ulipopokonywa mpira ulirudi mbio kukaba." Ukimwambia "una kipaji" utamfurahisha leo, lakini siku akikosea ataona kipaji kimekwisha, na hajui pa kukitafuta. Kijana wa namna hiyo huanza kukwepa mechi ngumu.

Ukiwa pembeni ya uwanja, piga makofi, acha maelekezo. Mchezaji ana sekunde moja ya kuamua. Akisikia kocha anasema "toa" na mzazi anasema "piga", atasimama akutazame wewe badala ya mpira. Refa naye usimtukane. (Wapo wazazi wanaodhani kelele ndiyo mapenzi. Watoto wao hutamani wabaki nyumbani.)

Sasa hilo la kutaka kuacha. Usijibu siku hiyo hiyo, hasa kama ametoka kufungwa. Siku mbili tatu zikipita, tafuta chanzo, maana dawa inategemea chanzo. Anza na mwili. Wasichana hurefuka kwa kasi zaidi karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14, na katika kipindi hicho mtoto aliyekuwa mwepesi anaweza kuonekana mzito, miguu haimtii. Huo si uvivu, na hupita. Akilalamika maumivu na uvimbe kwenye mfupa ulio chini kidogo ya goti, mara nyingi ni kano inayovuta mfupa ambao bado unakua. Mpunguzie kukimbia na kuruka, mwone daktari. Usimwambie ajikaze. Waliochelewa kubalehe nao huwekwa benchi kwa sababu ya udogo wao, wakaamini hawawezi, ilhali wanahitaji muda tu.

Kama si mwili, tazama ratiba. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wake: wa miaka 14, zisizidi 14. Awe na siku moja au mbili za kupumzika kila wiki, na usingizi wa saa 8 hadi 10. Kama ni watu, msikilize bila kumkatiza. Akitaja matusi, kupigwa au kushikwashikwa, mtoe siku hiyo hiyo, mengine yafuate.

Sababu ikiwa ni kuchoshwa tu, mkubaliane amalize msimu, kwa kuwa wenzake wanamtegemea, kisha achague yeye: timu nyingine, mchezo mwingine, au mara mbili kwa wiki badala ya nne. Mchezo usio na mashindano nao ni mchezo. Kazi yako ni ada, raba zinazomtosha na kumfikisha kwa wakati. Ila usimkumbushe umetumia kiasi gani. Ukifanya hivyo atacheza kulipa deni.

Nawe utoke kidogo, utembee au ukimbie. Akitaka kufuatana nawe, sawa. Asipotaka, nenda peke yako.

Zungumza naye wiki hii, na uanze kwa kumuuliza kama goti linamuuma. Kama linamuuma hata akipanda ngazi, nijulishe mapema.

Mzazi wako