Discovery na Range Rover za Zamani: Gari Limeshuka Bei, Spea Hazijashuka

Simu ya namna hii tunaipokea mara kwa mara hapa gereji: "Fundi, nimepata Land Rover Discovery 3 ya 2007, dizeli, safi kabisa, bei imeizidi Toyota IST kidogo tu. Niichukue?"

Jibu letu huwa ni swali: ukishalipia, mfukoni utabakiwa na nini? Gari lile lilipotoka kiwandani lilikuwa la mtu mwenye uwezo. Leo bei yake imeporomoka kwa sababu ya umri, lakini spea hazijui habari za umri. Kompresa ya hewa, injekta, moduli ya breki ya mkono ya umeme, vyote bado vinauzwa kwa bei ya gari la kifahari. Anayenunua kwa pesa yake ya mwisho ndiye anayeishia kuliegesha uani na kulifunika turubai. Mwenye akiba ya matengenezo pembeni hulifurahia kwa miaka, maana ukweli lazima usemwe: kwenye barabara mbovu ni magari machache yanayokaa kama hili.

Ugonjwa unaowaleta wateja wengi kwetu ni gari kulala. Jioni umeliacha limesimama sawa, asubuhi unalikuta limekaa chini upande wa nyuma kama ngamia anayepakiwa mzigo. Ukiwasha, linanyanyuka taratibu, unaondoka, unasahau. Kesho yake tena. Baada ya miezi kadhaa halinyanyuki, na kwenye dashibodi kuna taa ya njano.

Discovery 3, Discovery 4, Range Rover za 2002 hadi 2012 na Range Rover Sport za kipindi hicho kwa kawaida hazina springi za chuma. (Discovery 3 za bei ya chini ziliuzwa na springi, lakini si nyingi.) Gari linabebwa na mifuko minne ya mpira iliyojazwa hewa. Kompresa inasukuma hewa, valvu zinaigawa, na kila gurudumu lina sensa inayoiambia kompyuta urefu wa gari upande ule. Mpira ukizeeka hupasuka nyufa ndogondogo pale unapojikunja, na jua letu haliusaidii. Hewa inayopotea ni kidogo sana, huisikii. Lakini kompresa iliyotengenezwa ifanye kazi kwa muda mfupi na kupumzika sasa haipumziki. Inapata moto, ringi ya pistoni yake inalika, mwisho inakufa.

Hapa ndipo pesa nyingi za wateja zinapopotelea. Mtu anasoma kwamba kompresa imekufa, anaenda kununua kompresa, anafungiwa, gari linanyanyuka, kila mtu anafurahi. Ufa kwenye mfuko bado uko palepale. Kompresa mpya inaanza kuteseka siku hiyohiyo, na ikifa fundi anaambiwa kauza spea feki.

Kwa hiyo gari lililolala likija kwetu hatukimbilii kompresa. Tunalinyanyua hadi kimo cha juu, tunapuliza maji ya sabuni kwenye mifuko, kwenye maungio ya mirija na kwenye valvu, tunatafuta povu. Kisha tunabandika utepe kwenye kila madigadi, tunapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, tunaandika namba kwenye utepe, tunazima gari na kulala. Asubuhi tunapima tena. Kona iliyoshuka inajitaja yenyewe. Ndiyo maana tunakuomba uliache gari usiku mmoja, na ndiyo maana hatutaji bei kwenye simu. Wakati mwingine tatizo ni ungio la mrija tu. Wakati mwingine ni mifuko miwili ya mbele pamoja na kompresa, na hapo tutakuambia ukae kwanza.

Wapo wanaotaka tung'oe mfumo wote wa hewa tuweke springi za chuma. Inawezekana, na hatumcheki anayeamua hivyo. Gari litaacha kulala. Ila ule ulaini ulioulipia unaondoka, gari halipandi tena kimo kwenye matope, na siku ya kuuza mnunuzi anayejua atauliza. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi, sawa. Kwa mtu wa safari za porini, sisi tungetengeneza hewa.

Kuna siku dashibodi nzima inawaka: sospensheni, gia, kidhibiti cha mteremko, breki ya mkono, vyote vinalalamika kwa pamoja. Usizimie. Magari haya yana kompyuta nyingi zinazoongea zenyewe kwa zenyewe, na umeme ukishuka kidogo zinaanza kusemana uongo. Tunaanza na betri. Nyingi tunazokuta ni betri za gari dogo zilizofungwa kwa sababu ya bei. Tukitoka hapo tunakwenda kwenye swichi ya taa za breki, kale kadude kanakokaa juu ya pedeli, maana kakileta taarifa mbovu, kompyuta ya gia na ya mteremko zote zinachanganyikiwa. Kubadilisha hakuchukui muda, na ni miongoni mwa spea za bei ndogo kwenye gari hili. Tumeshaona watu waliokwisha kuanza kutafuta gia boksi. Mashine ya kupimia nayo ina maneno yake: vile vidude vidogo vya kuchomeka vinasoma injini tu. Hapa inahitajika mashine inayosoma moduli zote.

Kwenye injini tutasema machache ila ya kuzingatia. Dizeli ya lita 2.7 ya Discovery 3 ina mikanda miwili ya mpira, wa mbele wa taimingi na wa nyuma unaozungusha pampu ya dizeli. Ratiba ya Uingereza ya kuibadilisha ni maili 105,000 au miaka 7, kinachotangulia. Maili hizo ni kama kilomita 169,000, na wengi husoma hapo wakapumua, wakasahau ile miaka. Gari la 2007 lenye mkanda wake wa kwanza limeshapitiliza siku nyingi, hata kama limetembea kidogo. Mkanda ukikatika, valvu na pistoni zinakutana. Tukishafungua mbele tunakushauri pia pampu ya oili, kwa sababu kikaza mkanda kimefungwa kwenye kasha la pampu hiyo, na makasha ya injini za mwanzo yana sifa ya kupasuka. Kazi ya kufungua ni ileile moja.

Oili nayo usifuate kitabu kilichoandikwa kwa barabara za Ulaya. Foleni ya Ubungo, joto na vumbi ni kazi nzito kwa injini. Sisi tunamwaga kila kilomita 7,000 au miezi 6, na tunatumia oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu, si ya pipa. Injini hizi zinajulikana kwa kuharibika beringi za krankishafti, na ikishanoki, yaani ikianza kugonga ndani, hakuna maelewano.

Gia boksi ya otomatiki ya gia 6, inayotengenezwa na kampuni ya ZF, mara nyingi husemwa kwamba oili yake haibadilishwi maisha. Maisha ya nani? ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Filta imejengwa ndani ya sampu ya plastiki (bakuli la oili chini ya gia boksi), kwa hiyo ukibadilisha filta unabadilisha sampu yote.

Kuhusu spea, njoo na namba ya chesisi. Mwaka peke yake hautoshi. Chukua Range Rover iliyoanza 2002: za mwanzo za petroli zina injini ya BMW, na ilipofika 2005 zikahamia injini za familia ya Jaguar. Dizeli ya BMW iliendelea hadi 2006, ikaja V8 ya dizeli. Ukifika kwenye maduka ya spea ya Gerezani ukasema tu "pampu ya maji ya Range", utapewa pampu ya maji ya Range, na haitaingia. Spea za mtumba za Ilala tunazitumia bila aibu kwa milango, taa, vioo, hata tofali la injini likipimwa. Mifuko ya hewa ya mtumba hatufungi. Umri uliouchosha wa kwako umeuchosha na huo.

Kama bado hujanunua, lilete gari kabla ya kumpa dalali pesa. Lililotoka Uingereza tunalipandisha juu kwanza, kwa sababu wenzetu wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na kutu hula mirija ya breki na chesisi huku bodi ikimetameta. Lililotoka Japani mara nyingi ni la petroli, chini linakuwa na nafuu, ila utakutana nalo kituo cha mafuta. Tunakunja kapeti za mbele kushika unyevu pia: mirija ya kutolea maji ya sanrufu ikiziba, mvua za masika zinaingia ndani na kushukia kwenye nyaya. Harufu ya ukungu ndani ya gari "safi kabisa" ina maelezo yake.

Na yako magari tunayakataa. Injini imenoki, mifuko imechoka, gia zinagonga, na mwenyewe anataka tuanze na rangi. Tunakuandikia hesabu yote kwenye karatasi moja kabla ya kugusa boliti, na kama inazidi thamani ya gari tutakushauri uliuze kama lilivyo kwa anayetaka spea.

Mambo mawili ya barabarani. Ukipata pancha, usiingize mkono wala kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Linabebwa na hewa, na linaweza kushuka lenyewe. Na likigoma kabisa, usikubali kuvutwa kwa kamba. Ita gari la kubeba lenye kitanda, kisha utupigie kabla halijaondoka tumwambie dereva afunge mikanda kwenye magurudumu. Akifunga kwenye bodi, hewa ikitoka njiani gari linashuka, mikanda inalegea, na mzigo wa tani mbili na nusu unaanza kucheza juu ya kitanda.