Shukrani kwa dada aliyemtafutia mtoto wa mbwa nyumba njema

Dada yangu, umekataa jina lako litajwe, na hilo naliheshimu. Ila kunyamaza siwezi. Asante sana.

Yule mtoto wa mbwa tuliyemwokota mtaroni, tumbo limevimba kwa minyoo na viroboto wametapakaa nyuma ya masikio, wengi walimtaka. Wewe ndiye uliyeuliza maswali ya maana: nani atabaki naye mchana? Uzio una matundu? Watoto wa nyumba hiyo wanajua kutomsumbua mbwa anapokula? Aliyetaka wa kufunga mnyororo getini ulimkatalia kwa upole, nami moyo ukatulia.

Ukasisitiza asiondoke kabla ya kupewa dawa ya minyoo na kuanza chanjo, maana ugonjwa wa parvo huua watoto wa mbwa upesi. Ile ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida huchomwa akifikisha miezi 3 hivi, ukaiandika kwenye kadi ili wenyeji wake wasiisahau.

Kilichonigusa zaidi ni siku ya kumkabidhi. Uliketi sakafuni na familia ile, ukawaonyesha namna ya kumbeba: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine umeshika makalio. Kisha ukawaachia kitambaa alichozoea kulalia, apate harufu anayoijua usiku wa kwanza. Nani mwingine angekumbuka kitambaa!

Wamenitumia picha. Amenenepa, manyoya yameota upya palipokuwa na upara, na wanasema anamfuata bibi wa nyumba kila aendako. Mungu akubariki, dada, wewe na wote wa kwako.