Kwa vijana wanaokwenda kwenye majukwaa ya mafuta: mkiumwa, semeni mapema

Wanangu,

Asubuhi hii mjukuu wangu amenivalisha kanzu. Mkono wangu wa kulia hauinuki kupita kifua, basi yeye huuingiza kwanza, kisha nainama apitishe shingo. Ana miaka tisa na amekwisha kuwa fundi wa kazi hiyo.

Bega hili lilibaki Ghuba ya Uajemi, kwenye jukwaa la kuchimba mafuta baharini. Tulikuwa watatu, tunainua kabari za chuma zinazoshika bomba lisitumbukie kisimani. Sitaha ilikuwa imelowa tope la kuchimbia. Mwenzetu akateleza, uzito wote ukatuangukia wawili, nikasikia kitu begani kimekatika kama kamba ya mbuzi. Zamu ilikuwa imebakiza siku tisa, saa kumi na mbili kila siku. Sikumwambia mtu. Nilimeza diklofenaki, dawa ya maumivu, nikajikaza kisabuni, kwa sababu niliyemrithi nafasi yake alirudishwa kwao kwa kuumwa mgongo. Vidonge vile viliniachia na vidonda vya tumbo.

Najua Uganda haina bahari. Hata kwenye mradi wa mafuta wa Kingfisher, visima vinachimbwa kutoka nchi kavu pale Buhuka vikaingia chini ya Ziwa Albert. Lakini koleo, kabari na mabomba ni yale yale, kwa hiyo walio Buhuka na kwenye mradi mwingine wa Tilenga nao wasome.

Mimi niliumia kwa ajali. Wengi niliofanya nao kazi waliisha pole pole: magoti kwa ngazi za chuma, kiuno kwa kuinamia vali, vidole kufa ganzi kwa mashine zinazotetemeka. Hata wale wa chumba cha mitambo, tuliowaita mabwana wa kiyoyozi, walishikwa shingo kwa kukodolea skrini usiku kucha.

Maumivu ya namna hiyo hayana tarehe, na hapo ndipo mtu huponzwa. Siku ya kwanza yanapokusumbua, nenda kwenye zahanati ya jukwaani, yaandikwe, nawe uombe nakala. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi tunayo hapa kwetu, lakini anayedai bila karatasi huonekana anasimulia hadithi. Mimi sikuwa na karatasi hata moja.

Mgongo ukiuma kisha ukasikia ganzi kwenye mapaja na sehemu za siri, au mkojo hautoki au hauzuiliki, usingoje helikopta ya kubadilisha zamu. Dai ya dharura saa hiyo hiyo. Mishipa ya fahamu ikibanwa hivyo, kuchelewa kunaweza kukuacha kilema.

Mafunzoni watawaambia mnyanyue kwa miguu, mgongo wima. Ni kweli, ila kati ya mabomba mara nyingi hakuna hata pa kuchuchumaa. Kama mzigo ni wa kreni, ngojeni kreni. Msimamizi akinuna, anune.

Halafu hizi wiki za mapumziko! Nawaona. Mtu ametua Entebbe jana, leo yuko Hoima anabeba matofali ya nyumba yake, kesho yuko kwenye boda boda mpaka Buliisa, keshokutwa analima. Mwili ulioomba kupumzika unarudi baharini umechoka kuliko ulivyotoka. Matofali mwajirini mtu. Pesa mnazo, na yeye anazitafuta.

Mzee wenu,
Hoima