Nafasi za wawakilishi wa chama kazini zisiachwe wazi

Mhariri,

Kila Mei Mosi tunasikia mengi kuhusu kima cha chini cha mshahara, na ni sawa yasemwe. Mtu asiyetajwa ni mwakilishi wa chama ndani ya eneo la kazi: mfanyakazi mwenzetu, anayejitolea bila mshahara wa chama, ambaye bila yeye sheria ya kazi inabaki kwenye makaratasi. Naomba nafasi niwaeleze wasomaji walioko viwandani Barabara ya Nyerere, maghalani Kurasini na hotelini katikati ya jiji namna kazi hii inavyofanywa, na mahali inapoharibikia.

Kifungu cha 62 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kimeweka hesabu. Chama kilichosajiliwa chenye wanachama 1 hadi 9 mahali pa kazi kina haki ya mwakilishi 1. Wakiwa 10 hadi 20, wawakilishi 3. Wakiwa 21 hadi 100, wawakilishi 10. Wakizidi 100, wawakilishi 15, na kati yao angalau 5 wawawakilishe wanawake, iwapo wapo wanachama wanawake. Tazama hapo kati ya 20 na 21: akiongezeka mwanachama mmoja tu, nafasi zinapanda kutoka 3 hadi 10. Kwa hiyo anayetaka uwakilishi aanze na kuandikisha wenzake. Wanaohesabiwa ni wanachama; kiwanda chaweza kuwa na watu 300 na bado kikastahili wawakilishi 3.

Uanachama unaanza na karatasi. Mfanyakazi hujaza fomu TUF 6 kumruhusu mwajiri akate ada, naye abaki na nakala. Mwisho wa mwezi aangalie hati yake ya mshahara. Yako matatizo mawili hapa. La kwanza, fomu inalala kwenye droo ya ofisi ya utumishi na makato hayaanzi. La pili ni baya zaidi: makato yanafanyika lakini fedha hazifiki kwenye chama. Sheria inamtaka mwajiri awasilishe ada ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, pamoja na orodha ya majina ya waliokatwa. Akichelewa bila sababu ya msingi, anadaiwa asilimia 5 ya kiasi chote kwa kila siku inayopita. Mwakilishi akusanye hati za mshahara za wanachama wachache, alinganishe na orodha aliyonayo katibu wa tawi, kisha chama kiandike barua. Kulalamika kwa mdomo hakuachi ushahidi.

Uchaguzi unaongozwa na katiba ya chama, si na ofisi ya utumishi. Mwajiri akipendekeza majina, kataeni kwa heshima. Kasoro inayojirudia ni kuchagua watu wote kutoka idara moja na zamu ya mchana, kwa sababu ndio waliokuwepo kikaoni. Gawaneni kwa idara na zamu. Andikeni muhtasari wenye tarehe, waliohudhuria na kura za kila mmoja, kisha chama kimtambulishe kila mwakilishi kwa mwajiri kwa barua yenye mhuri wa kupokelewa.

Barua hiyo ifuatwe mapema na mazungumzo kuhusu muda. Sheria inampa mwakilishi muda wa kutosha wenye malipo kufanya kazi zake, lakini haikutaja saa ngapi. Msipokubaliana kwa maandishi, siku moja mtaacha mashine kwenda kumsikiliza mwenzenu na kuandikiwa kosa la utoro. Makubaliano yaseme saa ngapi kwa wiki, nani anapewa taarifa kabla ya kuondoka, na nani anashika nafasi ya aliyetoka. Jambo la dharura, kama ajali au mkaguzi wa kazi kufika ghafla, litajwe peke yake.

Sasa kikao cha nidhamu, ambako ajira nyingi hupotea. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinamtaka mwajiri achunguze kwanza, kisha amweleze mfanyakazi tuhuma kwa lugha anayoielewa na kumpa muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48. Mfanyakazi anaweza kusaidiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Saa hizo 48 ndiyo kazi yenyewe. Ombeni kwa maandishi nyaraka zote zitakazotumika. Kama ni upotevu wa mali ghalani, takeni karatasi za kuhesabu mzigo kabla na baada ya zamu, majina ya walioshika funguo, na picha za kamera kama zipo, maana picha huweza kufutika zikichelewa kuombwa. Mkinyimwa, andikeni kwamba mmeomba na mmenyimwa.

Ndani ya kikao, angalieni kwanza nani anaongoza. Awe ofisa mwenye cheo cha kutosha ambaye hakuhusika na tukio. Aliyefanya uchunguzi hawezi kukaa kiti cha hukumu. Mfanyakazi ana haki ya kuwahoji mashahidi wa mwajiri na kuleta wake. Akikutwa na hatia, asikilizwe tena kabla ya adhabu: miaka aliyotumikia, rekodi yake, mazingira ya kosa. Wawakilishi wengi hunyamaza hapa wakidhani yamekwisha, ilhali hapa ndipo kufukuzwa hugeuka kuwa onyo. Mwakilishi aandike kumbukumbu zake mwenyewe, na asisaini muhtasari asiokubaliana nao bila kuandika pembeni anachopinga. Na kama mfanyakazi anashinikizwa aandike barua ya kujiuzulu ili mambo yaishe, mwakilishi amwambie wazi kwamba akisaini, itakuwa vigumu mno kudai kwamba alifukuzwa.

Baada ya hapo ni kalenda. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), kwa fomu CMA F.1, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa au tangu mwajiri atoe uamuzi wa mwisho. Migogoro mingine ni siku 60. Mazungumzo na bosi, ahadi ya kuitwa tena, safari ya kwenda kijijini kupumzika: hakuna hata kimoja kinachosimamisha siku hizo. Mfanyakazi akichelewa, itabidi aombe kwanza kuongezewa muda na kutoa sababu nzito. Mwakilishi ajue pia kwamba aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hana kinga ileile dhidi ya kuachishwa isivyo haki, asije akampa matumaini yasiyokuwepo.

Mwakilishi asipokee hela ya mwanachama kwa ajili ya kesi, hata ya nauli, bila stakabadhi ya chama. Siri za watu zikae kwenye daftari lake, zisizungumzwe kwa mama lishe. Pale asipojua, apige simu kwa katibu wa chama kabla ya kujibu.

Kwa vyama vyetu nina ombi. Mwakilishi mpya apewe wiki hiyohiyo katiba ya chama, mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama na mwajiri) wa mahali pake pa kazi na nakala ya Kanuni za Utendaji Bora, bila kusubiri semina. Kisha majina ya wawakilishi, idara, zamu na namba zao za simu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, ili anayekabidhiwa barua ya kujieleza saa nne usiku ajue amtafute nani.

Mwakilishi wa wafanyakazi,
Chang'ombe, Dar es Salaam