Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Siri ya Mgonjwa na Haki ya Kuhudumiwa

Ndugu wanachama wenzangu, kamwene.

Nawashukuru mliotoka Mafinga na Ilula alfajiri na baridi hii, na ninyi wa Kihesa na Ipogolo mliowahi kuja kupanga viti. Wenzetu tuliowazika mwaka huu tumekwisha kuwakumbuka kwa kusimama kimya. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema tu kwamba ada zinalipwa kwa kusuasua, na kwamba wanakamati wamekuwa wakijilipia nauli. Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo lililotushughulisha mwaka mzima, yaani siri ya mgonjwa na haki ya kila mtu kuhudumiwa sawa na mwenzake.

Nianze na mama mmoja. Ameniruhusu nimsimulie, mradi nisitaje kijiji chake wala kituo alichotibiwa. Mama huyu ni kiziwi. Tumbo la chini lilipomsumbua alikwenda kituo cha afya na mwanawe wa darasa la nne, kwa kuwa pale hapakuwa na mtu ajuaye lugha ya alama. Daktari akawa anamuuliza mtoto, na mtoto anamuuliza mama kwa mikono. Kina mama mnayajua maswali ya ugonjwa wa namna ile: damu inatoka tangu lini, mimba ngapi zimeharibika, umelala na nani. Mtoto alifika mahali akanyamaza, akaanza kulia. Mama akarudi nyumbani na vidonge vya maumivu tu. Alipokuja kwetu tukamtafutia mkalimani, na alichokirudia mara tatu hakikuwa tumbo. Alisema mwanangu sasa anajua mambo ambayo hata dada yangu sijamwambia.

Kamati ilibishana sana kuhusu shauri hili. Wapo waliosema ni ubaguzi, wakashika Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Wengine wakasema ni kuvunjwa kwa faragha, wakashika Katiba ibara ya 16. Msimamo wangu ni kwamba ni yote mawili, na hayatenganishiki. Asiyesikia akikosa mkalimani, matibabu anayakosa na siri yake inatoka siku hiyo hiyo, katika chumba hicho hicho. Ndiyo maana nimekataa kamati igawanywe, moja ya usawa na nyingine ya siri, kama ilivyopendekezwa mwezi uliopita.

Ugumu ni kujua pa kulipeleka. Kwa Wamarekani, malalamiko ya aina zote mbili yanapokelewa na Ofisi ya Haki za Kiraia iliyo ndani ya wizara yao ya afya. Ofisi hiyo ndiyo inayosimamia kanuni za siri zilizotokana na sheria yao ya mwaka 1996, na ndiyo inayoshughulikia ubaguzi hospitalini. Mlalamikaji ana siku 180 tangu alipojua alichotendewa, na taarifa za watu 500 au zaidi zikivuja, jina la taasisi husika linatangazwa hadharani. Sisemi wao hawana shida, wanazo. Nasema tu kwamba mlango ni mmoja.

Kwetu milango ni mingi, na mgonjwa aliyechoka anaishia kwenye wa kwanza. Mwenendo wa daktari unapelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, wa muuguzi unapelekwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Haki kwa ujumla zina Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Taarifa zilizovuja zina Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile aliyoizindua Rais Samia Aprili 3, 2024. Na kabla ya hao wote yupo mganga mfawidhi wa kituo chenyewe, halafu mganga mkuu wa wilaya. Kazi kubwa ya kamati mwaka huu imekuwa kukaa na mtu, kumsikiliza mpaka amalize, kisha kumwandikia barua moja inayokwenda mahali panapohusika. Barua ya yule mama ilikwenda kwa mganga mfawidhi, nakala kwa ofisi ya ustawi wa jamii. Tulijibiwa. Sasa akienda kliniki anatanguliza taarifa, na mkalimani anaitwa. Ni kituo kimoja tu, lakini kimeanza.

Barua nyingine mbili hatujajibiwa mpaka leo, na tutazifuata.

Sasa nizungumzie VVU, maana hapa Iringa hatuwezi kuzungumzia siri ya mgonjwa tukaliruka hilo. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi kwa watu wazima mkoani kwetu ni asilimia 11.1, jirani zetu Njombe 12.7, wakati nchi nzima ni asilimia 4.4. Kwa hiyo hapa ukumbini tunawazungumzia ndugu zetu na sisi wenyewe. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inasema majibu ya kipimo ni siri, anapewa aliyepimwa, isipokuwa wachache sana waliotajwa na sheria yenyewe. Mwajiri hayumo. Mwenye nyumba hayumo. Mchungaji wala shehe hayumo.

Pamoja na hayo, wapo wenzetu wanaoipita kliniki iliyo karibu na nyumbani na kupanda basi hadi wilaya nyingine kuchukua dawa, kwa sababu benchi la CTC, yaani kliniki ya wanaotumia dawa za VVU, linatazamana na benchi la wajawazito, na siku ya kliniki inajulikana kijiji kizima. Dawa zinatolewa bure, lakini wao wanalipa nauli kila wanapokwenda. Mvua za masika zikikata barabara wanakosa dozi. Mtu anayekosa dozi kwa ajili ya benchi anaumizwa na benchi, na nimemwambia hivyo mganga mmoja uso kwa uso. Alinijibu kwamba ana vyumba viwili na wauguzi watatu, na kweli nilivyoviona ni viwili. Wahudumu wetu wengi si watu wabaya, wamezidiwa. Ila kugeuza benchi hakuhitaji bajeti, wala kumwita mtu kwa namba badala ya kumpigia kelele dirishani "wewe wa dawa za kule!" Alikubali. Benchi limegeuzwa, na pazia limewekwa.

Linalonisikitisha ni wanaoondoa malalamiko. Mwenzetu mmoja alikuja jioni, tukaandika kila kitu, kesho yake akarudi akaomba karatasi yake. Akasema nikiugua tena nitatibiwa na nani? Nilimpa. Hatuna haki ya kupigana vita ya mtu asiyetaka kupigana, lakini tangu siku hiyo kamati imeweka utaratibu wa kuandika malalamiko ya kituo bila jina la mgonjwa pale inapowezekana.

Jambo la mwisho ni gumu kwangu kulisema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Inataka ridhaa ya maandishi, na aliyeitoa anaweza kuiondoa wakati wowote bila kueleza sababu. Haiishii hospitalini. Inamgusa kila anayekusanya taarifa za watu, na sisi tumo.

Mnakumbuka harambee ya mwenzetu aliyelazwa. Picha ya cheti chake cha hospitali, chenye jina la ugonjwa, ilizunguka kwenye kundi letu la WhatsApp na kutoka nje ya kundi. Mimi ndiye niliyeituma. Nilitaka watu wachange haraka, sikumuuliza. Alipopata nafuu alikuta majirani wanaujua ugonjwa wake kabla ya mama yake mzazi. Nilikwenda kwake na katibu, nikamwomba radhi, na mbele yenu leo naomba radhi tena. Fedha zilipatikana, lakini hilo halifuti nililomtendea. Kuanzia sasa harambee itataja kiasi kinachohitajika na namba ya mweka hazina tu. Daftari la malalamiko, ambalo lilikuwa likitembea kwenye mkoba, linafungiwa kwenye kabati lenye funguo mbili. Kamati pia imeanza kuandaa maombi ya chama kusajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kama mkusanyaji wa taarifa, na naomba mkutano huu uidhinishe ada yake.

Baada ya mweka hazina tutapiga kura ya wajumbe wawili wa kamati, kisha chakula. Wenye malalamiko msije hapa mezani. Katibu atakuwa chumba cha nyuma, mlango umefungwa, mtaingia mmoja mmoja. Mkalimani wa lugha ya alama yuko naye mpaka saa kumi.