Mashine pepe inaharibika kila ukiisakinisha? Usiifute kwanza

Mteja anapotuletea seva yake ya nyumbani hapa dukani Mtwara mjini, maneno huwa yaleyale: "Fundi, nimepiga Ubuntu kwenye mashine pepe mara tano, mara zote tano imeharibika." Anakuwa amekesha akifuta na kuanza upya, bando limekwisha kwa kupakua faili la ISO lilelile (faili linalobeba mfumo endeshi kama Ubuntu, tayari kwa kusakinishwa), na sasa anataka sisi tumpigie ya sita. Tunamwomba asubiri. Ya sita nayo itaharibika, kwa sababu kinachoumwa hakijaguswa.

Mashine pepe ni kompyuta nzima inayoishi kama faili ndani ya kompyuta nyingine. Ndiyo maana wanafunzi wa vyuo na vijana wanaojifunza mitandao wanazipenda: kompyuta moja ya mtumba inabeba seva tatu au nne za kufanyia mazoezi. Lakini haina mwili wake. RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) inaazima, diski inaazima, umeme inaazima. Mwenyeji akiumwa, mgeni hatapona kwa kubadilishiwa nguo.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kasha tunauliza jambo moja: kosa linatokea palepale kila mara, au linahama?

Likitokea palepale, tunashuku faili la ISO. Huenda lilikatika wakati wa kupakua, au flashi iliyolibeba ni ya bandia, ile iliyoandikwa GB 128 na ndani haifiki hata GB 16. Kupima ni bure. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Linux ni sha256sum na jina la faili. Utapata mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule uliowekwa na watengenezaji kwenye tovuti yao. Herufi moja ikitofautiana, faili hilo halifai. Kwa wasiotaka kuchoma bando tena, tunazo ISO za Ubuntu, Debian (mfumo mwingine wa Linux) na Proxmox (mfumo wa kuendeshea mashine pepe) zilizokwisha kupimwa hivyo. Njoo na flashi, tunakunakilia.

Kosa likihama, leo usakinishaji umekwama katikati, kesho unaisha salama ila mashine haiwaki, keshokutwa faili fulani halisomeki, hapo tunaiangalia RAM. Kijana mmoja wa Ligula alituletea mashine ya aina hiyo ikiwa na vijiti vinne vya RAM, viwili alivyonunua nayo na viwili alivyoongeza baadaye. Tulipima ISO yake mara mbili mfululizo, bila kuigusa, tukapata majibu mawili tofauti. Faili halikubadilika. Kilichobadilika ni kumbukumbu iliyolisoma. Tuliwasha Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, tukailaza mashine dukani hadi asubuhi, na mistari myekundu ikawa imejaa. Tukapima kijiti kimoja kimoja. Kibovu kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa kimemlaza macho wiki mbili.

Usikubali fundi akuambie kosa moja la Memtest si kitu. Ni kitu. RAM yenye kosa moja inaweza kuandika kosa hilo kwenye diski, na likishaandikwa huko hata RAM mpya hailifuti. Ila kabla ya kununua kijiti kipya, chomoa cha zamani, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, ukirudishe na upime tena. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na seva iliyowekwa karibu na dirisha Shangani au Mikindani hushika kutu mapema.

Diski tunaisoma kwa smartctl, programu inayoonyesha afya ya diski. Ukiona Current_Pending_Sector (sehemu za diski zinazoshindwa kusomeka) imepanda juu ya sifuri, nakili kazi zako leo hii, usingoje wikendi. Lakini ikiwa inayopanda ni UDMA_CRC_Error_Count (data inayoharibika njiani), mara nyingi tatizo ni waya wa SATA, ule unaounganisha diski na kompyuta, na waya bei yake ni ndogo sana kuliko diski. Namba hiyo hairudi sifuri baada ya kubadilisha waya. Angalia tu kama imeacha kuongezeka.

Kuna pia kosa la hesabu. Proxmox inakuruhusu kuziahidi mashine pepe nafasi kubwa kuliko diski iliyopo. Ni kama ghala la korosho kutoa stakabadhi za magunia 1,000 huku linabeba 600. Siku stakabadhi zote zikija kudai, hapatoshi: uandishi unagoma na mashine kadhaa zinaharibika kwa pamoja, hata zile ambazo hukuzigusa.

Halafu umeme. Kuna watu wanaobadilisha mpangilio wa diski kuwa "Write back (unsafe)" ili usakinishaji uende mbio. Unakwenda mbio kweli, kwa sababu mashine inaambiwa data imeshaandikwa wakati bado ipo kwenye RAM. Umeme ukikatika dakika hiyo, data hiyo imepotea. Tunakushauri urudishe "No cache" na ununue UPS (betri ya akiba ya kompyuta), hata ndogo, yenye waya wa USB wa kuiambia seva ijizime yenyewe. UPS ndogo haikupi saa za kufanya kazi, inakupa dakika chache za kuzima salama, na hizo zinatosha.

Ikiwa ndani ya mashine iliyoharibika kuna kazi unayoihitaji, iwe mradi wa chuo au hesabu za duka, izime na usiiwashe tena. Sisi kwanza tunanakili faili lake lote la diski kwenye diski nyingine, kisha tunajaribu kuirekebisha nakala hiyo, kamwe si faili lenyewe. Wengi hutuambia wana "snapshot", yaani hali ya mashine iliyohifadhiwa ya wakati fulani, lakini hiyo inakaa kwenye diski ileile iliyokufa, kwa hiyo nayo imekwenda. Mara nyingine hatuwezi kurudisha kitu, na tutakwambia hivyo mapema kabla gharama haijapanda.

Ukija, leta kasha zima na waya wake wa umeme, vijiti vyote vya RAM hata ulivyochomoa, na picha za makosa ulizopiga kwa simu, zote, si ya mwisho peke yake. Uiache siku moja, maana kipimo cha RAM kinahitaji usiku mzima.