Asante, kaka wa Lyantonde

Kaka uliyesimama kunisaidia Jumamosi jioni pale Lyantonde, nikitoka Mbarara kwenda Kampala, asante sana. Taa nyekundu ya oili kwenye gari langu iliwaka, nami nilitaka kujikaza tu hadi Masaka. Ulinizuia. Tulisubiri injini ipoe, ukachomoa kijiti cha kupimia oili, ukakifuta, ukakirudisha, ukakichomoa tena: oili haikufika hata alama ya chini. Ukanipa niisugue vidoleni, ikakwaruza kama mchanga. Nilikuwa nimepitisha kilomita 9,000 bila kubadilisha oili, nyingi za barabara ya vumbi! Ukasema oili ya kawaida nibadilishe kila kilomita 5,000 pamoja na filta, na vumbini mapema zaidi. Ukanimiminia oili yako mwenyewe, hela ukakataa. Injini ni nzima, kaka. Mungu akubariki.